Namna ya Kujenga Maisha ya Winga wa Kulipwa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika kikosi cha wachezaji kumi na mmoja, winga, yaani mshambuliaji wa pembeni katika soka, ndiye ambaye soko humpenda mapema na kumchoka mapema. Kipa mwenye miaka 34 huitwa mzoefu, na beki wa kati wa umri huo huo anaweza kuwa nahodha anayetegemewa, lakini winga akifika hapo swali la kwanza analoulizwa ni kama bado ana mbio. Sababu haina mafumbo: sehemu kubwa ya thamani yake imo katika kasi, na kasi ni mali ambayo mwili huikopesha kwa muda tu. Mwongozo huu, unaomfuata mchezaji tangu utotoni mpaka siku anapotundika daluga, umejengwa juu ya rai hiyo. Miaka ambayo miguu ni myepesi inapaswa kutumika kujipatia vitu ambavyo vitabaki miguu itakapokuwa mizito.

Hatua ya kwanza: Ielewe kazi kabla ya kuichagua

Watoto wengi hupelekwa pembeni kwa sababu wanawashinda wenzao kwa mbio, na wengine, tuseme ukweli, kwa sababu kocha hajui awaweke wapi. Kukimbia peke yake hakumfanyi mtu kuwa winga. Uwanja wa kimataifa kwa kawaida una upana wa mita 68, na kazi ya kwanza ya winga ni kuutumia upana huo wote. Anaposimama karibu na mstari wa pembeni, beki wa pembeni wa wapinzani hulazimika kumfuata, pengo kati ya beki huyo na beki wa kati hupanuka, na kiungo au mshambuliaji wa timu yake hupata mlango wa kupita. Kwa hiyo winga anaweza kuitumikia timu vizuri kwa dakika kumi bila kuugusa mpira, jambo ambalo jukwaani halionekani lakini benchi la ufundi huliona.

Mawinga wako wa namna mbili kuu. Winga wa jadi hucheza upande wa mguu wake wenye nguvu, hukimbilia mstari wa goli na kumimina krosi. Stanley Matthews wa Uingereza, aliyekuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Ballon d'Or mwaka 1956, ni mfano unaotajwa mara nyingi, na Garrincha, ambaye miguu yake ilikuwa imepinda, aliutumia mtindo huo huo akiwa na Brazil iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 na 1962. Winga wa namna ya pili huwekwa upande ulio kinyume na mguu wake, ili mwenye mguu wa kushoto acheze kulia, aingie ndani na kupiga shuti. Arjen Robben aliishi kwa ufundi huo katika misimu kumi aliyoitumikia Bayern Munich, kuanzia 2009 hadi 2019. Mabeki walijua vyema kabisa atakachofanya na bado aliwapita, kwa kuwa hawakujua ataanza lini.

Makocha wengi wa sasa wanaipendelea namna hii ya pili, kwa sababu beki wa pembeni anayepanda ndiye anayebeba upana wa uwanja na kumwachia winga ruhusa ya kuingia ndani. Hata hivyo usijifungie humo. Makocha hubadilishwa mara nyingi, na atakayekuja kesho anaweza kutaka krosi. Isitoshe, kocha yeyote atakayekuja atataka ukabe, yaani urudi kumsaidia beki aliye nyuma yako na uwe wa kwanza kumbana mpinzani pale timu inapopoteza mpira upande wako. Winga asiyekaba huchezeshwa mradi anafunga, na siku mabao yanapokauka hana hoja nyingine ya kumweka uwanjani.

Hatua ya pili: Kabla ya miaka 16, jenga mguu wa pili na macho

Kasi ya mtoto wa miaka 13 ni ushahidi dhaifu. Mara nyingi mtoto huyo amewahi tu kukua, na mwili wake umetangulia mwaka mmoja au miwili mbele ya wenzake. Imeonekana katika nchi nyingi kwamba akademi za soka hujaa watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili, kwa kuwa miezi tisa au kumi ya ziada katika umri huo ni tofauti kubwa ya misuli. Wengine wakishakua, kati ya miaka 16 na 18, mbio alizozitegemea huwa mbio za kila mtu, na kama katika miaka hiyo yote alikuwa akisukuma mpira mbele na kuukimbilia, hujikuta hana kitu kingine mkononi. Mzazi au kocha anayemlea mtoto wa namna hii na amchezeshe mara kwa mara na waliomzidi umri, ili alazimike kutafuta njia nyingine ya kumpita beki. Kwa mtoto aliyechelewa kukua ushauri ni kinyume chake: asikate tamaa, wala asihamishwe nafasi kwa sababu tu anasukumwa chini kirahisi.

Zoezi lenye faida kubwa kuliko yote katika umri huu ndilo linalochosha moyo, nalo ni mguu wa pili. Dakika 20 kila siku mbele ya ukuta, ukipiga na kutuliza kwa mguu dhaifu pekee, zina thamani kuliko saa nzima ya kurudia chenga unayoimudu tayari. Huhitaji mguu huo uwe sawa na wa kwanza. Unahitaji uwe mzuri kiasi cha kumfanya beki asiweze kukufungia njia moja na kulala usingizi, kwa sababu winga wa mguu mmoja humrahisishia beki kazi kwa nusu nzima.

Jambo la pili ni macho. Winga amejaliwa kitu ambacho kiungo wa kati hana: nyuma yake kuna mstari wa pembeni, na hakuna mpinzani atakayetokea huko. Anachopaswa kukikagua ni nusu duara tu. Jizoeze kuangalia juu ya bega mara mbili kabla mpira haujakufikia, mara ya kwanza pasi inapoandaliwa na mara ya pili inapokuwa njiani, ili mguso wako wa kwanza uwe umekwisha kuamuliwa. Mtoto mwenye tabia hii huonekana ana kasi hata kama saa ya kupimia mbio haimsifu.

Hatua ya tatu: Jifunze tukio la ana kwa ana sehemu kwa sehemu

Hapa ndipo mkate wa winga ulipo, na inafaa tuchukue tukio moja tulitazame kwa karibu. Wewe ni winga wa kulia mwenye mguu wa kulia, kiungo wa kati ana mpira, na ameinua kichwa.

Kwanza, mahali. Usiusubiri mpira beki akiwa amekuganda. Mvute hatua tatu kuelekea goli lako au kuelekea ndani, kisha rudi nje kwa ghafla; mita mbili utakazozipata ndizo nafasi yako ya kugeuka. Simama mwili ukiwa wazi nusu, mgongo ukielekea mstari wa pembeni, ili uone mpira na goli kwa pamoja, na upokee kwa mguu ulio mbali na kule mpira unakotoka, yaani wa kulia. Ukipokea kwa wa kushoto, mpira utakuelekeza kwenye goli lako na beki atapata sekunde aliyoihitaji.

Pili, uamuzi. Kama beki amekubana mgongoni, usijaribu kugeuka naye. Rudisha mpira kwa mguso mmoja na ukimbilie nyuma yake, maana beki aliyekufuata mbele ameacha uwanja mtupu kisogoni. Kama amekaa mbali, mwendee. Kosa la vijana wengi ni kusimama kabisa na kuanza kuvuka mguu juu ya mpira, huku beki akipumzika na mwenzake akija kumsaidia.

Tatu, chenga yenyewe. Usimtazame beki machoni, mtazame nyonga na miguu. Mwendee kwa kasi ya wastani mpaka abakie kama mita mbili, umpe ishara ndogo ya bega upande mmoja, na usubiri alemee mguu mmoja. Upande wa mguu uliobeba uzito ndio upande wa kupita, kwa sababu hawezi kujisukuma kuelekea huko mpaka kwanza auhamishe uzito wake. Tangu hapo kinachompita beki si ufundi wa miguu bali tofauti ya mwendo: hatua tatu za kwanza ziwe kali kuliko zote ulizopiga katika shambulizi hilo. Ukishampita bega, kata mbele ya njia yake ili abaki nyuma yako moja kwa moja. Kutoka hapo hawezi kuufikia mpira bila kukuchezea rafu, na kama mmeshaingia eneo la hatari atafikiri mara mbili.

Nne, kilicho bora kuliko chenga. Krosi nyingi za mawinga hupotea kwa sababu kichwa huinuliwa baada ya mguso wa mwisho, wakati ambapo tayari kuna mguu wa mtu mbele. Inua kichwa kabla ya mguso huo, uhesabu walio eneo la hatari, kisha uchague. Mabeki wakiwa bado wanarudi mbio, piga mapema, chini, kati yao na kipa. Ukiwa umefika karibu na mstari wa goli, rudisha mpira wa chini kuelekea alama ya penalti: mabeki wote wanatazama lango lao, na mwenzako aliye nyuma ya mpira hawezi kuhesabiwa kuwa ameotea. Ukiona mshambuliaji mmoja kati ya mabeki watatu, usibahatishe, rudisha kwa beki wako wa pembeni na shambulizi lianze upya. Kumbuka pia kwamba sheria haihesabu kuotea kwa mchezaji anayepokea moja kwa moja kutoka mpira wa kurusha, na winga aliye macho anaweza kuiba mita kumi kila mara mpira unapotoka upande wake.

Tano, hesabu. Baada ya kila mechi andika mambo manne tu: mara ngapi ulimwendea beki, mara ngapi ulimpita, mara ngapi tendo lako la mwisho lilimfikia mwenzako, na mara ngapi ulipoteza mpira mahali pa hatari. Baada ya mechi kumi daftari hilo litakueleza ukweli ambao makofi ya jukwaani huuficha.

Hatua ya nne: Ingia kwenye mfumo kwa mlango halali

Winga huuzika kwa urahisi kwenye video, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye anayedanganywa kwa urahisi. Video ya dakika tatu au nne inatosha, nayo ionyeshe vilevile ukikaba, ukitumia mguu dhaifu na ukicheza bila mpira, kwa sababu msaka vipaji anayeijua kazi yake amekwisha kuchoshwa na chenga. Pamoja nayo uwe na mechi mbili kamili, maana mtu makini ataziomba.

Katika majaribio usijaribu kuonyesha kila kitu ndani ya dakika kumi. Mguso wa kwanza safi, chenga mbili zilizoishia kwenye pasi ya maana, na mbio za kurudi baada ya kupoteza mpira huwaambia makocha zaidi ya tobo tano. Klabu inayotaka kipaji hugharimia kukitafuta, kwa hiyo mtu anayedai ada ili akupeleke kwenye majaribio ya nchi za mbali, na hasa anayedai pesa hizo kabla hujaona barua ya mwaliko iliyothibitishwa na klabu yenyewe, muogope.

Ikumbukwe pia kwamba kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi kuhamia nchi mpya kwa sababu zisizohusiana na soka, au kuishi karibu na mpaka na klabu ya nchi jirani, kwa umbali usiozidi kilomita 50 kutoka mpakani kila upande. Anayemwahidi kijana wa miaka 15 kumsajili ng'ambo wiki ijayo ama haijui sheria au anaijua vizuri mno.

Tunza pia kumbukumbu za kila timu iliyokusajili tangu mwaka uliotimiza miaka 12. Uhamisho wa kimataifa wenye malipo ukifanyika kabla mkataba wako haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizokulea kati ya msimu wa miaka 12 na ule wa miaka 23. Kwa ada ya dola 1,000,000 hizo ni dola 50,000, ambazo kwa timu ndogo iliyokufundisha kutuliza mpira zinaweza kununua vifaa vya miaka kadhaa, na huenda zisiwafikie kama hakuna karatasi inayoonyesha ulipita hapo.

Hatua ya tano: Mkataba usomwe kama mechi ya fainali

Wakala wa soka anapaswa kuwa na leseni ya FIFA, inayopatikana baada ya kufaulu mtihani, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa yeyote anayetaka kuihakiki. Mkataba kati ya mchezaji na wakala hauruhusiwi kuzidi miaka miwili, wala haupaswi kujirefusha wenyewe. Kwa mchezaji aliye chini ya umri, idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi ni ya lazima. Binafsi ningependekeza ada ndogo ilipwe kwa mwanasheria wa ajira asiye na uhusiano wowote na wakala, asome mkataba wa klabu kabla ya kalamu kushikwa; ni gharama ambayo wachezaji huiona ya ziada mpaka siku wanapoihitaji.

Vipengele vya kukagua ni hivi. Muda: kwa kanuni za FIFA mkataba hauzidi miaka mitano, isipokuwa sheria ya nchi iruhusu zaidi, na mchezaji aliye chini ya miaka 18 hasaini zaidi ya miaka mitatu. Masharti: klabu hairuhusiwi kuufanya mkataba utegemee kufaulu vipimo vya afya au kupatikana kwa kibali cha kazi, kwa hiyo vipimo vifanywe kabla ya kusaini. Mshahara: uliza kama tarakimu iliyoandikwa ni kabla au baada ya kodi, na kama inalipwa miezi 12 au miezi ya ligi tu. Bonasi: winga asiishie kudai bonasi ya mabao, adai na ya pasi za mabao pamoja na ya idadi ya mechi, akizingatia kwamba bonasi inayotegemea kuanza mechi inaweza kuyeyuka kocha akiamua kukuingiza dakika ya 60 kila wiki. Majeruhi: iandikwe wazi nani analipa matibabu na mshahara unaendelea kwa kiasi gani.

Klabu ikishindwa kwa makosa yake kulipa angalau mishahara miwili ya mwezi, mchezaji ana haki ya kuipa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 15, na isipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Asiondoke kabla ya notisi hiyo. Wapo waliokuwa na haki kamili wakageuka washitakiwa kwa sababu walipanda ndege kwanza na kuandika barua baadaye. Chama cha wachezaji cha nchi husika, hasa kilicho mwanachama wa FIFPRO, shirikisho la kimataifa la vyama vya wachezaji, huwa na watu wanaozijua hatua hizi kwa moyo.

Hatua ya sita: Fuata dakika za kucheza, jina la klabu lije baadaye

Kati ya miaka 18 na 23 winga hujifunza kwa kucheza na kukosea, na benchi halina pa kukosea. Mohamed Salah alijiunga na Chelsea kutoka Basel mwezi Januari 2014, akapata mechi chache, akapelekwa kwa mkopo Fiorentina kisha Roma, na Italia ndiko alikojijenga upya. Aliporudi Uingereza mwaka 2017 kuichezea Liverpool, alifunga mabao 32 ya ligi katika msimu wake wa kwanza. Riyad Mahrez alipita njia nyingine: alitoka Le Havre iliyokuwa daraja la pili Ufaransa, akaenda Leicester City iliyokuwa nayo daraja la pili Uingereza, Januari 2014, na mwaka 2016 akawa bingwa wa Ligi Kuu. Wote wawili walikwenda mahali walipohitajika wacheze.

Kabla ya kukubali mkopo au uhamisho, uliza maswali matatu na usiridhike na majibu ya jumla. Kocha wa huko anacheza mfumo gani, na je, una mawinga au mabeki wa pembeni pekee wanaobeba upana wote? Aliyeko sasa katika nafasi yako ana mkataba wa muda gani? Na kocha huyo aliyekuomba, ana uhakika gani wa kuwepo baada ya miezi sita? Mabeki watatu nyuma na beki wa pembeni anayepanda ni mfumo uliokwisha kuwakosesha kazi mawinga wengi wazuri, na klabu inaweza kukununua mwezi Julai ikabadili mfumo mwezi Oktoba.

Ukifika miezi sita ya mwisho ya mkataba, kanuni zinakuruhusu kukubaliana na klabu nyingine kwa msimu unaofuata. Haki ya kuondoka bure mkataba unapoisha haikuwepo siku zote: barani Ulaya iliimarishwa na hukumu ya tarehe 15 Desemba 1995 katika shauri la Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji ambaye klabu yake ilimzuia kuhama ingawa mkataba ulikuwa umekwisha.

Hatua ya saba: Linda misuli ya nyuma ya paja kama mtaji

Jeraha la misuli linalowasumbua zaidi wachezaji wa kulipwa ni la nyuma ya paja, na winga ndiye anayeliita kwa jina kila wiki, kwa kuwa kazi yake ni kukimbia kwa kasi ya mwisho kisha kusimama ghafla. Mara nyingi hutokea mguu unapokaribia kugusa ardhi katikati ya mbio: mchezaji huhisi kama amepigwa jiwe kwa nyuma, hugeuka kumtafuta aliyempiga, na hakuna mtu.

Kinga yake inajulikana na haihitaji mashine. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha ujishushe mbele polepole huku kiwiliwili na mapaja vikiwa mstari mmoja, ukizuia kuanguka kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka mikono ikupokee. Zoezi hili, lililomo pia katika programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ inayochukua takriban dakika 20, limeonekana kupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu pale linapofanywa kwa uaminifu. Anza na marudio machache kwa wiki, kwani siku za mwanzo maumivu ni makali na wengi huliacha hapo. Vilevile, kimbia kwa kasi iliyokaribia ya juu kabisa walau mara moja kila wiki mazoezini. Mwili ambao hukutana na kasi hiyo siku ya mechi pekee ndio unaochanika.

Aliyekwisha kuumia sehemu hiyo yumo katika hatari kubwa kuliko asiyewahi kuumia, kwa hiyo kutosikia maumivu si ruhusa ya kurudi. Rudi pale mguu ulioumia umefikia nguvu ya mwenzake na umekwisha kukimbia kwa kasi kamili mara kadhaa bila hofu. Kwa ligamenti ya mbele ya goti iliyofanyiwa upasuaji, miezi tisa ndiyo kipimo cha chini kinachopendekezwa na wataalamu wengi, hata kama kocha anakutazama kwa huzuni mwezi wa saba.

Hatua ya nane: Badilisha kazi kabla kazi haijakubadilisha

Kuanzia miaka 27 hivi, anza kujifunza nafasi ya pili ukiwa bado wa kwanza katika nafasi yako. Njia zilizopitwa na wakubwa ni tatu. Ya kwanza ni kwenda mbele: Thierry Henry alifika Arsenal mwaka 1999 akiwa ametumiwa pembeni, akageuzwa mshambuliaji wa kati, na Cristiano Ronaldo aliyejiunga na Manchester United mwaka 2003 kama winga wa chenga aligeuka kuwa mfungaji anayekimbia kidogo na kufika mahali sahihi. Njia hii inamfaa mwenye jicho la goli, ambaye mbio zake anaweza kuzibana zikawa mita kumi badala ya arobaini. Ya pili ni kurudi nyuma, kama walivyofanya Antonio Valencia na Ashley Young, waliogeuka mabeki wa pembeni wakiwa Manchester United. Huko mchezaji huanza mbio akiwa ameutazama uwanja wote, lakini lazima awe amezoea kukaba tangu ujana. Ya tatu ni kuingia kati. Ryan Giggs, aliyeanza mwaka 1991 akiwa winga mwepesi wa kushoto, aliendelea mpaka 2014 akiwa na miaka 40 na kufikisha mechi 963, nyingi za mwishoni akicheza kama kiungo.

Stanley Matthews aliyecheza mechi yake ya mwisho ya ligi ya juu mwezi Februari 1965, siku tano baada ya kutimiza miaka 50, akiwa bado winga, asichukuliwe kama kipimo. Alikuwa yeye.

Namna ya kuanza ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Mwombe kocha akutumie nafasi mpya katika mechi za maandalizi ya msimu, ambapo makosa hayana bei, na utazame mechi zako ukifuatilia mchezaji anayekaa nafasi hiyo badala ya kujitazama mwenyewe. Ombi hilo likitoka kwako ukiwa na miaka 28 husomeka kama akili, na likitoka kwa kocha ukiwa na 32 husomeka kama taarifa.

Hatua ya tisa: Fedha na siku ya kutoka

Panga matumizi kwa kudhani kwamba mshahara mkubwa utadumu miaka minane, si kumi na tano, na kwamba mmoja kati ya miaka hiyo utakwenda kwenye majeraha. Bima ya kukatisha kazi inunuliwe ukiwa mzima, kwa sababu baada ya upasuaji wa goti ama haipatikani au huliacha goti hilo nje. Usiwe mdhamini wa mkopo wa mtu mwingine ukiwa bado unacheza, kwani hiyo ndiyo hasara inayowakuta wachezaji wakiwa mbali na wasio na muda wa kufuatilia.

Masomo ya ukocha yaanze misimu miwili kabla ya kustaafu. Vyama vya soka hutoa leseni kwa madaraja, na baadhi huwapa nafuu wachezaji wa zamani wa kulipwa. Iombe klabu ya mwisho ilipie daraja la kwanza kama sehemu ya mkataba, jambo ambalo klabu hulikubali kwa urahisi kuliko nyongeza ya mshahara. Na kabla ya kurudisha ufunguo wa kabati la chumba cha kubadilishia nguo, omba nakala ya faili lako la matibabu katika kila klabu uliyopita, pamoja na picha za vipimo vyote, kwa sababu daktari atakayelishika goti lako ukiwa na miaka 50 atataka kujua lilishonwa nini ukiwa na 24.